Dawa za asili za homoni na umbo: maswali ya kuuliza kabla hujameza

Mama mmoja alikuja kliniki kumpima mtoto wake wa miezi saba uzito. Mtoto alikuwa vizuri. Aliyenitia wasiwasi ni mama mwenyewe. Uso wake ulikuwa umejaa na kuwa mviringo, tumbo limetoka, lakini mikono na miguu imebaki myembamba. Nilipompima, presha ilikuwa juu, ingawa alikuwa na miaka 26 na hakuwahi kuwa na presha hata alipokuwa mjamzito. Nikamuuliza kama kuna dawa yoyote anatumia. Akasema hakuna. Nikampa rufaa ya kumwona daktari, lakini hakwenda.

Mwezi uliofuata alirudi akiwa amelegea, ana kizunguzungu, anatapika, hawezi hata kumbeba mtoto. Ndipo alipotoa kwenye pochi kikopo cheupe kisicho na maandishi. Ndani kulikuwa na unga wa kahawia na kifuko cha vidonge vidogo. Alivinunua Kariakoo kwa muuzaji wa kutembeza, akaambiwa ni mitishamba ya kuongeza hipsi na kuweka homoni sawa baada ya kujifungua. Alitumia kwa miezi mitatu, hela ikaisha, akaacha ghafla. Siku chache baadaye nguvu zikamwishia.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile, akatibiwa, akapona. Daktari alieleza kwamba dalili zake zinafanana na za mtu aliyetumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu kisha akaacha ghafla. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia mara ya kwanza. Akajibu, "Sista, nilijua utanigombeza."

Makala hii haikuandikwa kumgombeza mtu. Sisi wa Jangwani soko tunalo mlangoni, ukitembea kidogo umefika Msimbazi na Mtaa wa Kongo. Mitishamba ipo, na wengi wetu tumelelewa nayo. Ninachotaka ukumbuke ni hiki: kitu chochote chenye nguvu ya kubadilisha mwili wako ni dawa, hata kama kimetoka shambani. Na dawa ina jina, ina kipimo, ina madhara, na ina watu wasiopaswa kuitumia.

"Kubalansi homoni" maana yake nini?

Homoni ni vijumbe vya mwili. Tezi mbalimbali huzitengeneza na kuzimwaga kwenye damu ili zipeleke maagizo: yai likomae, hedhi ije, maziwa yatoke, sukari iingie kwenye misuli. Ziko nyingi na kila moja ina kazi yake. Estrojeni na projesteroni zinahusika na hedhi na mimba. Prolaktini inahusika na maziwa. Insulini inahusika na sukari. Tezi ya shingoni nayo hutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili wote.

Kwa hiyo mtu anapokuambia dawa yake "inabalansi homoni", muulize ni homoni ipi, na alijuaje kwamba imevurugika bila kukupima. Hedhi ikibadilika, sababu zinaweza kuwa nyingi:

- ujauzito
- kunyonyesha
- sindano au kijiti cha uzazi wa mpango
- msongo wa mawazo, kukonda au kunenepa sana
- ugonjwa wa tezi ya shingo
- vifuko vingi vidogo kwenye ovari
- uvimbe kwenye kizazi
- umri wa kukaribia kukoma hedhi
- saratani

Hakuna unga mmoja unaotibu yote hayo. Wakati mwingine hakuna hata cha kutibu. Kwa mfano, mama aliyeacha sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa miezi kadhaa, wengine hadi mwaka, kabla mzunguko wake haujarudi kama zamani. Katika muda huo akinunua dawa ya "kuzibua", hedhi ikirudi ataisifu dawa, kumbe mwili ulikuwa unarudi wenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Mama aliyekwisha kukoma hedhi, akakaa mwaka mzima bila kuona damu, kisha damu ikatoka tena, anahitaji kuchunguzwa hospitali haraka, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya saratani. Akitumia miezi sita kunywa dawa ya homoni, huenda amepoteza miezi ambayo ugonjwa ungeweza kutibika kwa urahisi.

Mimea inayouzwa sana, na tahadhari zake

Simaanishi kwamba mitishamba haina kazi. Dawa ya mseto tunayotibia malaria chanzo chake ni mmea. Pale Muhimbili wataalamu wamekuwa wakichunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, na leo ipo Taasisi ya Tiba Asili ndani ya chuo kikuu cha MUHAS. Ila kwa sababu mimea ina nguvu, inahitaji adabu.

*Uwatu.* Ukiwekwa kwenye achari au mchuzi hauna shida kwa watu wengi. Tatizo ni kunywa vijiko vingi vya unga wake kila siku ili maziwa yaongezeke au hipsi zitoke. Uwatu mwingi huleta gesi na kuharisha, na unaweza kushusha sukari, hivyo mwenye dawa za kisukari awe macho. Unaweza pia kuongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Mwenye mzio wa karanga au dengu anaweza kudhurika. Mjamzito asiutumie kama dawa. Kuhusu maziwa, ushahidi wake ni mdogo. Kinachoongeza maziwa kwa uhakika ni mtoto kunyonya mara nyingi, usiku na mchana, akiwa ameshika ziwa vizuri. Kuhusu hipsi, hakuna mmea unaojulikana kuyapeleka mafuta ya mwili mahali unapopataka wewe.

*Maca.* Ni mzizi kutoka milima ya Peru, na huko watu huula kama chakula. Huku huuzwa kama unga wa homoni, wa nguvu na wa umbo. Ushahidi kwamba hufanya hayo ni mdogo, na usalama wake kwa wajawazito na wanaonyonyesha haujathibitishwa. Wewe ukiwa mmojawapo, uache.

*Mlonge.* Majani yake ni mboga nzuri. Mizizi na magome ni jambo jingine, mjamzito asiyatumie kabisa.

*Shubiri.* Ule utomvu mchungu wa njano ni dawa kali ya kuharisha. Hutumika "kusafisha tumbo" na kupunguza mwili, lakini kinachopungua ni maji na chumvi muhimu za mwili. Ukiutumia mara kwa mara moyo na figo vinaweza kupata shida. Mjamzito asiuguse, na mama anayenyonyesha vilevile.

*Habbat soda.* Kwa kiasi cha chakula haina neno. Ukiinywa kama dawa kila siku inaweza kushusha sukari na presha, hivyo mwambie anayekupa dawa za magonjwa hayo.

*Vya kuweka ukeni.* Kuna shabu, na kuna vifurushi vidogo vya mitishamba vinavyouzwa kwa ajili ya "kusafisha kizazi" au kubana baada ya kujifungua. Uke hujisafisha wenyewe. Vitu hivi huukausha, huuchubua na kuacha vidonda, na vidonda hurahisisha maambukizi, yakiwemo ya VVU. Misuli iliyolegea baada ya uzazi hurudi kwa mazoezi: ikaze kama mtu anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Mazoezi haya hayana gharama.

Mchanganyiko usio na jina ndio wa kuogopa zaidi

Uwatu ukiujua kwa jina, mimi na wewe tunaweza kuzungumza. Kikopo kisicho na jina hatuwezi kukizungumzia. Ndani yake panaweza kuwa na mitishamba tu, au mitishamba pamoja na dawa za kisasa zilizosagwa. Dawa mbili zinajulikana sana kutumiwa vibaya kwa ajili ya kunenepa.

Ya kwanza ni siproheptadini. Ni dawa ya mzio ambayo pia huongeza hamu ya kula. Huleta usingizi mzito. Mama anayenyonyesha hashauriwi kuitumia, maana inaweza kupunguza maziwa na kumdhuru mtoto.

Ya pili ni deksamethasoni, moja ya steroidi. Hospitalini ni dawa muhimu sana, kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ikitumiwa kiholela, mtu hunenepa uso, shingo na tumbo, siyo hipsi peke yake. Wakati huohuo misuli ya mikono na miguu hukonda, presha na sukari hupanda, mifupa hudhoofika, ngozi huchubuka kirahisi, na mwili hushindwa kupambana na maambukizi.

Mwili wako una tezi juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya asili, inayokupa nguvu na kushikilia presha. Ukimeza steroidi kwa wiki nyingi, tezi hizo hulala, kwa sababu kazi yao inafanywa na kidonge. Siku ukiacha ghafla, kidonge hakipo na tezi bado zimelala. Hicho kilimkuta mama niliyemtaja mwanzoni, na kinaweza kuua.

Kwa hiyo ukisoma hapa ukagundua kwamba wewe pia umekuwa ukimeza vidonge vya namna hiyo kwa wiki kadhaa, usiviache kimyakimya peke yako. Nenda hospitali leo, vibebe, waeleze. Watakupunguzia kidogokidogo kwa usalama.

Yaliyotokea Ulaya yanatufundisha jambo hilohilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito katika kliniki moja mjini Brussels, Ubelgiji, walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye sumu, wa jamii ya Aristolochia. Mwaka 1993 madaktari walitoa taarifa kwamba wanawake hao walikuwa wakiharibika figo. Mwishowe walifika zaidi ya 100. Baadhi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na wengine baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa wamekwenda kliniki ya kisasa, wakapewa kitu kilichoitwa cha asili. Mmea ulikosewa, na hakuna aliyejua mpaka madhara yalipoonekana.

Kama tayari unatumia dawa nyingine

*ARV.* Dawa inayotumiwa na wengi sasa ina dolutegraviri. Virutubisho vyenye kalsiamu, madini ya chuma au zinki huishika tumboni isiingie vizuri mwilini. Meza ARV masaa mawili kabla ya kirutubisho, au masaa sita baada yake. Mjamzito anayepewa FEFO kliniki asiache FEFO wala ARV, amwombe mhudumu ampangie saa. Usiache ARV kwa sababu ya mitishamba, hata muuzaji akiapa.

*Uzazi wa mpango.* Mmea wa Ulaya uitwao St. John's wort, unaouzwa kama kirutubisho cha kutuliza mawazo, hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na kijiti, na pia nguvu ya ARV. Soma maandishi ya kopo kabla ya kununua.

*Presha, kisukari, dawa za damu.* Mitishamba inaweza kuzishusha au kuzipandisha nguvu. Mwambie anayekupa dawa kabla ya kuanza.

*Ujauzito na uchungu.* Dawa za asili za kuongeza uchungu bado zinanywewa nyumbani, mara nyingi kwa nia njema ya bibi au shangazi. Kizazi kikibana kwa nguvu isiyopimika, mtoto hukosa hewa na kizazi kinaweza kupasuka. Hata hospitalini dawa ya uchungu hutolewa kwa matone, na mapigo ya moyo wa mtoto yanafuatiliwa. Kama umekwisha kunywa, sema ukifika wodini. Mkunga akijua atakuangalia kwa karibu zaidi.

Binti yako akitaka kubadilika haraka

Mabinti wa siku hizi huona picha za maumbo kwenye simu, kisha hujilinganisha. Dawa za kuongeza matiti na makalio wanazipata kirahisi kwa fedha ya nauli. Ukikuta kifuko kwenye begi la shule, usianze na fimbo. Anza na swali: "Mwanangu, nani amekuambia mwili wako una kasoro?"

Mweleze kwamba matiti huanza kati ya miaka 8 na 13, na hedhi huja miaka miwili au mitatu baadaye. Kila mtu ana saa yake. Ila akifika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, au miaka 15 bila hedhi, mpeleke kituo cha afya achunguzwe. Vilevile matiti yakianza kabla ya miaka 8.

Maswali sita kabla ya kununua

1. Inaitwaje? Nataka jina la kila mmea uliomo ndani.
2. Nani ametengeneza, na imesajiliwa wapi? Hapa Tanzania, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, ndilo husajili watoa tiba asili na dawa zao. Dawa za kisasa husimamiwa na TMDA. Omba kuona namba ya usajili.
3. Kipimo ni kiasi gani, kwa siku ngapi? "Tumia mpaka uone matokeo" siyo kipimo.
4. Nani hapaswi kuitumia? Anayejibu "haina madhara kabisa" hajui anachouza, au anajua na anaficha.
5. Inatibu nini? Kama inatibu uvimbe, mirija, kisukari, nguvu za kiume na hipsi kwa pamoja, rudisha hela yako mfukoni.
6. Je, mimi ni mjamzito, nanyonyesha, au nina dawa nyingine? Hili jiulize mwenyewe.

Ukishaamua kutumia, tumia kitu kimoja kwa wakati. Kipige picha kopo lake. Andika tarehe uliyoanza. Usichanganye viwili, maana ukipata madhara hutajua ni kipi. Na usimpe mtoto dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima.

Acha mitishamba na nenda hospitali mara moja ukiona:

- macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai nzito, au maumivu ya tumbo upande wa kulia juu (ini)
- kuvimba miguu au mkojo kupungua sana (figo)
- uso au midomo kuvimba, upele mwili mzima, kupumua kwa shida (mzio)
- kuzimia, kutapika mfululizo, udhaifu wa ghafla
- damu nyingi ukeni, au damu yoyote wakati wa ujauzito au baada ya kukoma hedhi
- mtoto anayenyonya amekuwa wa kusinzia kupita kawaida au hataki kunyonya

Kama kikopo hakina jina au kina vidonge, usiache peke yako. Kipeleke hospitali waamue namna ya kukuachisha. Mwombe pia mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa, ili mwenzako asidhurike na kitu hichohicho.

Neno kwako na kwetu wahudumu

Yule mama sasa anaendelea vizuri, na presha yake ilirudi. Mimi nilibadilisha namna ya kuuliza. Zamani nilikuwa nauliza, "Kuna dawa unatumia?" Kwa wengi, "dawa" ni ya hospitali tu, na jibu huwa hapana. Siku hizi nauliza, "Mama, kuna kitu chochote unakunywa, unapaka au unaweka, cha duka, cha soko au cha nyumbani? Niambie tu, tuangalie pamoja." Majibu yamekuwa mengi.

Nawe usisubiri kuulizwa. Siku ya kliniki, kwenye mfuko ule wa kadi ya mtoto na nepi, weka na kikopo chako. Kiweke mezani. Ukikuta muuguzi anayekugombeza, mwambie umekuja kutafuta usalama wako na wa mtoto. Hiyo ni haki yako.